Chui Mwenye Paa na Chui Asiye na Paa

Alhamisi, 16 Oktoba

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Leo kwenye kilima cha kupanda Kabuga nimepitwa na moto, pikipiki ya kukodi. Motari, dereva wake, kambeba abiria, abiria kabeba godoro. Godoro lilinipungia! Na mimi nimo ndani ya gari la mbio, jekundu, milango miwili, jina lake Chui. Niliuza kiwanja changu cha Ndera, urithi wa marehemu baba, ili nilinunue. Halafu napitwa na godoro.

Si kwamba Chui hana mbio. Anazo nyingi sana. Shida ni matuta. Chui yuko chini mno, kila tuta anakwaruza tumbo, krrrr, ndiyo maana tunavuka mshazari, polepole, kama mzee anayeshuka ngazi na chai mkononi. Ukimaliza matuta unakutana na Sofia. Sofia ni ile kamera ya barabarani, mji mzima unaiita hivyo. Sijawahi kuona msichana anayekukazia macho namna ile halafu anakutumia faini kwenye simu.

Haidhuru. Chui nilimnunua kwa biashara. Jumamosi ya wiki ijayo dada yangu Lillian anaolewa, na mimi ndiye nitakayemtoa nyumbani hapa Kabuga mpaka kanisani Remera. Chui atavaa maua. Watu wataona. Kuanzia siku hiyo kila bibi harusi wa Kigali atanitafuta mimi, Sangwa. Sekondari sikumaliza, lakini mipango ninayo.

Binamu yangu Mutsinzi alimaliza, akaongeza na chuo, na leo anaendesha kigari cha kijivu chenye milango minne, kiti cha mtoto nyuma, na harufu ya maziwa yaliyomwagika. Huyo ndiye kaniuliza mbele ya watu, eti bibi harusi ataingilia mlango upi? Nikamwambia ataingilia mlango wa wivu wako. Watu wakacheka sana. Nadhani walikuwa upande wangu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Siku mbaya! Siku ya laana!

Kwetu bibi harusi hatoki kwao peke yake. Shangazi, dada wa baba, anakaa naye kiti cha nyuma mpaka kanisani. Hilo halina mjadala, na Shangazi Gaudiose mwenyewe pia hana mjadala. Anauza vitenge sokoni, na mwili wake ni wa heshima. Leo kaja kufanya majaribio.

Kuingia aliingia. Nililaza kiti cha mbele, akatanguliza kichwa, mimi nikasukuma kwa adabu zote. Kutoka ndiko kulikogoma. Goti lilikataa, kisha nyonga, kisha kila kitu. Majirani wakajaa. Mmoja akashauri sabuni. Mutsinzi, kwa kujifanya ana akili, akaleta spana akafungua kiti changu cha mbele kizima, akakiweka kwenye majani. Shangazi akatoka kinyumenyume, akafunga kilemba chake upya, akasema alimbeba baba yangu mgongoni alipokuwa mchanga, kwa hiyo kuhusu kubeba watu mimi nisimfundishe. Akasema ndani ya sufuria lile harudi. Bibi harusi naye haingii. Lillian ataenda na Mutsinzi.

Mama akaafiki. Akaongeza kwamba aliyenunua kiwanja changu amejenga mpaka amefika kwenye linta. Nani alimuuliza?

Nikaapa mbele ya wote kwamba kabla ya harusi nitaleta gari ambalo Shangazi ataingia akiwa amesimama. Wakacheka. Safari hii niliona wazi hawakuwa upande wangu.

Baadaye Lillian alinifuata penye maji nikiwa naosha Chui kwa hasira. Akasema anatamani nimbebe mimi, kwa sababu baba hayupo na mkono wa kushika siku hiyo ni wangu. Ila nimfikishe akiwa bado bibi harusi. Nikamwambia sha, dada yangu, hapo umemwambia mwenyewe. Kisha nikajifanya povu limeniingia machoni.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimekwenda Giporoso kwenye yadi ya Nkusi, aliyeniuzia Chui. Imefungwa. Nkusi ni Msabato! Nilisahau. Nikapiga geti teke. Geti ni la chuma, kiatu changu ni cha turubai. Kidole kimevimba.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimerudi asubuhi mapema na Chui. Nikakuta barabara imefungwa. Leo ni siku ya mji kutembea bila magari! Wenye mji wote wako kwenye lami na kaptura. Nikamwacha Chui kituo cha mafuta, nikatembea katikati ya wakimbiaji na viatu vyangu vya ngozi na kidole kilichovimba. Bibi mmoja mwenye mvi akanipita mbio. Akageuka kuniambia niinue magoti, kijana. Nimepitwa na godoro, nimepitwa na bibi. Wiki gani hii?

Kwa Nkusi nilifoka kwanza. Kwa nini hukuniambia kwamba Chui ana ndugu zake? Akasema aliniambia, tena alinipitisha kwenye yote matatu, mimi nikawa naimba tu, jekundu, jekundu. Uongo. Labda niliimba mara moja.

Basi tukaanza upya. Chui ni kizazi kimoja, maumbo matatu. Kuna yule wangu mwenye paa. Kuna wa buluu, wa kufunua paa: unabonyeza kitufe, linajikunja na kuingia nyuma. Halafu kuna mweupe, wa viti viwili tu, mgongoni ana bawa kama ndege. Yule mweupe moyo wangu ulimwendea kabisa. Lakini Shangazi nimweke kwenye bawa?

Nkusi akagonga mlango wa ule wa buluu. Akasema, "Hii iko ya wakubwa. Shangazi unamwingiza kutoka juu, kama zawadi kwenye kikapu."

Kulijaribu barabarani haikuwezekana, barabara ilikuwa na watu wanaruka kamba. Nikakaa ndani, nikashika usukani, nikatengeneza sauti ya injini mwenyewe kwa mdomo. Lilivuta vizuri sana. Jua lilikuwa linawaka, paa limefunuliwa. Nkusi akauliza kama nataka alifunge nilione. Nikamwambia hakuna mtu anayenunua gari la kufunua paa ili aangalie likiwa limefungwa. Nilijibu vizuri.

Tumebadilishana funguo. Alitaka nyongeza kidogo. Nimemwongeza televisheni ya sebuleni.

Jumanne, 21 Oktoba

Sasa wataniheshimu!

Shangazi kapanda kigoda, kavuka mlango, kaketi. Hakuna spana, hakuna sabuni. Nikamzungusha sokoni, akawapungia wauza nyanya kama mke wa balozi anayekaa Kiyovu kwa matajiri. Mshindani wake wa vitenge aliinama akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Shangazi kaniita mtoto wa kaka yangu, kwa sauti, mara mbili. Mambo ya sufuria yamekwisha.

Mutsinzi akaja na ile sura yake ya chuo. Paa linafunga? Nikamuuliza kama harufu ya maziwa inatoka. Lakini Lillian naye akauliza, tena bila kucheka. Akasema huu ni mwezi wa mvua, na gauni ni la kukodi, na nywele atasukwa siku nzima. Linafunga? Nikasema linafunga kama mlango wa friji. Akaniamini. Akamwambia Mutsinzi apumzike, yeye atafuata nyuma na wazee.

Kujaribu sijajaribu. Kitufe kina alama ya paa. Kingekuwa cha nini kingine?

Mama kauliza televisheni iko wapi. Nimemwambia iko kwa fundi. Kasema mbona ilikuwa nzima? Nimemwambia ndiyo maana, fundi anaiangalia kabla haijaharibika.

Jumamosi, 25 Oktoba

Naandika nikiwa nyuma ya hema la sherehe, suruali imenigandia miguuni. Nimekasirika kuliko siku zote za maisha yangu. Nitaandika yote ili ijulikane kwamba kosa si langu.

Asubuhi ilikuwa umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa mzima. Nilimwendea Mugabo, mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, nikamweleza kwamba nina harusi na gari la kupamba. Akasema harusi ni alasiri na mtaro ni sasa, akanipa jembe. Basi nikaja na Chui mpaka mtaroni, angalau nichimbe nikiwa naonekana. Watu wakaacha kazi wakamzunguka. Raha! Halafu wingu jeusi likatokea upande wa Ndera.

Nikabonyeza kitufe. Paa likatoka nyuma, likainuka taratibu, watu wakapiga makofi. Lilipofika katikati likasimama wima, kama mkono wa mwanafunzi anayejua jibu. Likabaki hivyo. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza kwa ngumi. Mugabo akasema umuganda ni kusaidiana, akaita wanaume. Wakahesabu moja, mbili, wakasukuma. Kitu ndani kikalia ka! Paa likarudi chini kulekule nyuma, likalala, na tangu hapo hata kitufe chenyewe hakina taa.

Lakini wingu lilipita! Jua likatoka! Nilifanya nini? Nikapamba maua. Mtu yeyote mwenye akili angepamba maua.

Saa nane mchana Lillian akatoka mlangoni. Siwezi kuandika alivyokuwa. Hata Mutsinzi alivua kofia. Lillian akanishika mkono, akaniuliza kitu kimoja tu. Paa liko sawa? Nikatazama mbingu kwanza. Safi. Nikasema sawa kabisa.

Tulikwenda vizuri mpaka Mulindi. Watoto wanakimbia pembeni, Shangazi anapunga, mimi mkono mmoja dirishani. Pale Mulindi mvua ikashuka bila kubisha hodi. Mvua ya ndoo! Lillian akapiga kelele, funga paa! Nikabonyeza kitufe kwa ajili ya heshima. Shangazi akafungua mwavuli, upepo ukaugeuza ndani nje, ukabaki na vijiti. Akanigonga navyo kichwani, kimbia, wewe, kimbia! Kwa hiyo nikakimbia. Kwa mara ya kwanza Chui alikimbia kama Chui, na hakuna aliyesifu.

Mbele kukawaka mwanga, pa! Shangazi akamwinua Lillian kidevu, akasema, "Tabasamu mwanangu, mpiga picha huyo!" Naye akatabasamu meno yote.

Alikuwa Sofia.

Mutsinzi akatufikia akiwasha taa. Nikasimama. Wazee wakahama kigari cha kijivu na kujibanza chini ya baraza la duka. Kiti cha mtoto kikatolewa. Lillian akashuka, nywele zimelala, wanja umefika kwenye shavu, gauni limebeba maji kama sifongo. Nilitegemea anitukane. Nilikuwa na majibu tayari. Akasema tu, "Ulisema sawa kabisa." Akaingia kwenye harufu ya maziwa, Shangazi akaingia, mlango ukafungwa. Ukafungwa vizuri sana, nilisikia.

Nikafuata nyuma peke yangu na maji hadi kwenye vifundo vya miguu. Nikikanyaga breki, mawimbi yanakuja mbele. Kanisani nilikaa kiti cha mwisho. Padri akiwa katikati ya mahubiri simu yangu ikalia. Faini. Watu wote wakageuka.

Na hapa kwenye sherehe, Lillian kachukua kipaza sauti, nywele amezifunga na kitambaa cha Shangazi, bado ni mzuri kuliko wote. Kashukuru Mungu, kashukuru Mama, kashukuru kaka yake Mutsinzi kwa kumfikisha. Kaka yake! Mutsinzi ni binamu! Nilisubiri jina langu mpaka keki ikaisha.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimelala siku nzima jana kwa mafua na uchungu. Leo nimefikiri vizuri nimeelewa kosa lilikuwa wapi.

Kosa ni Shangazi.

Hebu tazama. Bila Shangazi, Chui mwekundu angetosha. Bila kumbadili yule mwekundu, kusingekuwa na paa la kukunja. Bila kukunja, hakuna kukatika. Mwenye macho anaona. Nilitaka kumweleza Lillian, lakini simu yangu hapokei. Nimempelekea vijiti vya mwavuli nilivyovikuta chini ya kiti, kwa moyo mzuri. Mama kasema huo si msamaha. Kisha kauliza fundi wa televisheni anaitwa nani. Na mwenye kiwanja ameanza kuezeka.

Lakini sherehe ile haikupotea bure! Ingrid, rafiki yake Lillian anayeolewa Desemba, hakuwa kanisani, alikuja hemani mvua imeshakatika. Alimkuta Chui amesimama juani, anang'aa, maua yamechangamka kwa maji. Leo kanipigia. Anauliza kama ninaweza kumbeba.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Nkusi. Yule mweupe yupo! Paa ni la chuma, halikunjiki, hata ukilipiga ngumi. Viti ni viwili tu, kwa hiyo hakuna shangazi yeyote duniani atakayepata pa kukaa. Nkusi anataka nyongeza kidogo. Friji ya Mama ina kelele nyingi, hata yeye mwenyewe hulalamika.

Ingrid kauliza, wakitoka kanisani, bwana harusi atakaa wapi? Maswali madogo madogo. Nitamwitia moto, apande nyuma ya motari. Kauliza tena kama gauni lake lenye mkia mrefu litaenea humo ndani.

Nimemwambia sawa kabisa.