Upekuzi wa Kompyuta Namba Tatu

Jumatatu, 7 Julai 2025. Mafubira

Nimetoa ahadi mbele ya kamati ya kanisa, wala sijutii. Jumamosi saa nne asubuhi Mama Janepher, mwenyekiti wetu, ataketi kwenye kompyuta namba tatu na kuendesha lori kutoka Mbale hadi Jinja. Ni mchezo tu. Lakini akina mama wa kikundi chake wanajifunza udereva, na wanataka kuizoea barabara kabla ya kushika usukani wa kweli.

Mchezo ulitengenezwa kwa ajili ya Windows. Kompyuta tano za chumba chetu cha kanisa zinatumia Linux, mfumo mwingine kabisa. Niliiweka mimi mwenyewe. Windows niliifukuza humo miaka mitatu iliyopita kwa makosa ya uzembe na virusi.

Bwana Wangila, Mkenya, dereva mstaafu wa trela, ameiambia kamati kwamba mchezo huo hautafunguka hapa hata tukifunga na kuuombea. Anataka Windows irudi. Nikishindwa, yeye atapewa ufunguo wa chumba, na darasa langu pamoja nao. Nimefundisha humo tangu nistaafu Magereza. Sina kazi nyingine, na sitaki nyingine.

Jumanne, 8 Julai

Skrini nyeusi. Mara sita.

Wangila alichungulia dirishani akauliza kama lori langu halina taa. Nikamweleza kwa utulivu kwamba kuna programu iitwayo Wine, nayo ni kama mkalimani wa mahakamani: mshtakiwa anasema Kigisu, hakimu anasikia Kiingereza, kesi inaendelea. Akasema basi mkalimani wako amelala, Afande. Akaenda zake kabla sijafika sehemu ya pili ya maelezo.

Jumatano, 9 Julai. Mbale

Binti yangu Juliet ana duka la kutengeneza kompyuta hapa mjini. Nimemletea namba tatu. Alitaka nikae kando yake nione anachofanya. Lakini kulikuwa na wateja watatu kwenye benchi, wamekaa bure, nikaona ni wajibu wangu kuwaeleza Linux ilianzaje. Mmoja alikumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa huko Nakaloke.

Sijafika mbali, Juliet akasema amemaliza. Mchezo unafunguka. Ile nyongeza ya barabara yetu, ambayo vijana huiita mod, kazi ya Bwana Mugweri wa hapa Mbale, nayo imekaa mahali pake. Alianza kunieleza jambo fulani kuhusu folda. Nikamwambia najua.

Alhamisi, 10 Julai

Nimerudi Mafubira, nimeliendesha lori la mchezo mwenyewe. Tirinyi, daraja la Mpologoma, Iganga, Jinja. Nimegonga kibanda kimoja cha chapati. Hakuna aliyeumia.

Wangila alisimama nyuma ya kiti changu akitazama. Kisha akasema ananusa Windows humo ndani. Mchezo wa Windows hauwezi kulala nyumba ya watu peke yake, lazima umekuja na mama yake. "Umemficha, Afande. Pekua tu, utamwona."

Sikupenda alivyotabasamu.

Ijumaa, 11 Julai

Tuhuma kama ile haipuuzwi. Miaka thelathini na mmoja gerezani: mgeni mkubwa akitarajiwa kesho, leo tunapekua seli. Nikaiamuru kompyuta ionyeshe mafaili yaliyojificha. Katika folda moja iliyojificha kulikuwa na nyingine, drive_c, na ndani ya hiyo, imetulia kama iko kwao, folda iitwayo windows.

Mpango wa Wangila ukawa wazi: ameipandikiza yeye, ili kesho ainyooshee kidole mbele ya kamati.

Nimefuta yote, na pipa la taka nimelimwaga. Mchezo sikuufungua tena. Niliona si vizuri kuuchosha kabla ya safari.

Jumamosi, 12 Julai

Mama Janepher alikuja na viatu bapa, akavuta kiti, akabofya. Hakuna kitu. Akabofya tena. Wangila akasema kwa upole kwamba labda mafuta yameisha. Kamati ikacheka.

Mama Janepher akampigia Juliet, akaweka sauti isikike kwa wote. Juliet akauliza kama nimefuta chochote. Nikaeleza wajibu wangu.

"Baba, ile haikuwa Windows. Ni nyumba ya kuigiza ambayo Wine huijenga ili mchezo udhani uko kwao. Na mchezo wenyewe ulikuwa humo. Na barabara yote ya Mugweri."

Nikasema mbele ya wote kwamba hilo nililijua.

Mama Janepher hakucheka. Alisema kuna wanawake kumi na wawili wanaomngoja. Akanipa hadi Jumatatu saa nne. Likikwama tena, ufunguo uende kwa Wangila, na nisimletee maelezo.

Juliet alifika kutoka Mbale saa kumi jioni. Saa kumi na moja na nusu lori lilikuwa barabarani. Yeye hakugonga kibanda. Akiondoka alinishika bega akaniambia: "Baba, usiguse kitu."

Jumapili, 13 Julai

Sijagusa kitu. Nimekagua tu.

Folda ya Wine nimeipita kwa heshima zote, maana mtu aliyesoma harudii kosa. Lakini nje yake nimekuta nyingine iitwayo lib: maelfu ya mafaili, na hakuna hata moja nililoandika mimi. Si la Juliet pia, tarehe zake ni za zamani. Kompyuta ilidai nywila, kisha ikaniuliza kama nina hakika nataka kufuta sehemu ya mfumo wenyewe. Nilikuwa na hakika.

Nikaizima ipumzike. Saa nane mchana nimeiwasha ili nione wepesi wake. Imetoa mistari michache ya maandishi meupe, na sasa kuna alama moja inapepesa. Ni saa kumi na moja. Mimi si mtu wa haraka.

Wangila amepita kuuliza kama kesho tuko tayari. Ameitazama skrini muda mrefu. Kisha amevuta kiti, ameketi karibu nami, akaniomba nimweleze polepole, tangu mwanzo, nilichofanya.

Hatimaye ameanza kujifunza.