Mchunga wa Chini ya Mikorosho

Jumatatu, 7 Julai

Siku ya nne bila Salima. Mke wangu amerudi kwao Mchinga na begi lake, kisa nilisema mbele ya wageni kwamba kupika mchunga si kazi, hata mimi naweza nikiwa nimefumba macho. Ukweli unauma.

Leo mjomba wake, Mzee Maftaha, kapiga simu. Kwao mjomba ndiye mwenye neno, baba mtu anasikiliza tu. Kasema atakuja Ijumaa baada ya sala, nimpikie huo mchunga. Akishiba, Salima anarudi. Asiposhiba, tuzungumze talaka. Talaka! Kwa majani machungu yanayoota yenyewe! Nimemwambia aje na njaa.

Nyumba imepoa, sifichi. Hata kugombezwa nimekukosa.

Jumanne, 8 Julai

Nimezunguka Kikole nzima kutafuta mchunga. Kila ukingo wa shamba kina mama wameshapita. Nimeambulia kiganja kimoja, na nusu yake kumbe majani mengine kabisa.

Jirani yangu Stefano, mtu wa Kipatimu, akanikuta nimeinama. Bila kuulizwa akaanza somo: chagua machanga, osha mara tatu, chemsha, mwaga maji, chemsha tena, mwaga tena, ndipo utie tui. Nikamshukuru. Moyoni nikacheka. Ukimwaga maji mara mbili umebakiwa na nini? Uchungu wa mchunga ndiyo dawa yake, na mzee wa umri wa Maftaha dawa anaihitaji.

Alhamisi, 10 Julai

Nimepata hazina! Na iko wapi? Shambani kwa Stefano mwenyewe, chini ya mikorosho. Mchunga umetanda, mnono, haujaguswa hata na mbuzi. Wanawake wa hapa wavivu jamani.

Majani yalikuwa na unga wa manjano. Stefano kapuliza salfa jana kuzuia ukungu kwenye mikorosho. Nikafikiri kwa kina. Salfa ni dawa. Korosho za miti iliyopulizwa tunazila kila mwaka, nani kafa? Nikajaza kikapu. Nimepiga chafya njia nzima.

Ijumaa, 11 Julai

Majani nimeosha mara moja. Kisima kiko mbali, na kuchota maji ilikuwa kazi ya Salima. Nikakaa kwenye mbuzi kukuna nazi: nusu nazi, nusu vidole. Nikachemsha mchunga, maji yote nikayaacha sufuriani, tui nikalimimina humo humo. Jiko likanuka yai viza. Nikaongeza ndimu.

Mzee Maftaha alifika na kanzu nyeupe. Shikamoo, marahaba, bismillahi. Akamega ugali, akachovya, akatafuna. Akaacha kutafuna. Nikaona haya inamzuia kusifu, basi nikamwonyesha mfano: bakuli langu nikalimaliza, na mchuzi nikaunywa.

Tonge la pili hakulila. Akaniuliza nimechuma wapi. Kabla sijatunga jibu, Stefano akaingia uani, akaona mabaki ya majani yana unga wake, akashika kichwa. Akamweleza Mzee kwamba pale kapuliza salfa juzi, kijiji kizima kinajua, ndiyo maana hakuna anayechuma.

Nilitaka kujibu. Tumbo likajibu kwanza. Safari ya kwanza ya chooni nilikwenda kwa mwendo wa heshima. Za baadaye sina kumbukumbu nazo.

Kupitia ukuta wa makuti nikamsikia Mzee akipiga simu Mchinga. Nikajua hiyo ni talaka. Nikalia, pale pale nilipochuchumaa. Miaka kumi na moja ya ndoa!

"Salima, rudi kwa mumeo," alisema. "Huyu tukimwacha peke yake atakufa, na lawama itakuja kwangu."

Jumapili, 13 Julai

Salima karudi! Kanitazama nilivyokonda kwa siku mbili, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipikia uji. Mimi na uji, wote wawili tulikuwa na machozi, yangu ya furaha na yake ya moshi. Sijui naandika nini. Nimefurahi.

Mchana kapika mchunga aliouchuma kwenye bonde. Kamwaga maji mara mbili, vilevile kama Stefano. Nimekula sahani tatu. Ulikuwa mtamu, nakiri, ingawa dawa yote aliimwaga nje. Nimemsamehe.

Jumatatu, 14 Julai

Tuseme kweli sasa. Nilitaka Salima arudi. Karudi. Kwa mchunga wa nani? Wangu! Stefano na mafunzo yake kamrudisha nani?

Ila Mzee Maftaha aliondoka na njaa, na mkwe si mtu wa kuondoka na njaa. Asubuhi nimeingia porini, nikakuta kichaka kimejaa ming'oko, mizizi ya kuchemsha, minene kama mkono, na hakuna hata shimo moja lililochimbwa. Watu wa Kikole riziki wanaipita hivi hivi, wanaitazama tu!

Nikampigia Mzee simu kumwalika Ijumaa. Nikamweleza mizizi ilivyo na mahali ilipo. Akauliza mbona hakuna aliyeichimba, kisha simu ikakatika. Mtandao wa Mchinga bado ni shida. Nitachimba mingi, huenda akaja na wenzake.