Kusikiliza kwa Shingo

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Tumefika kwenye mafungo saa nne asubuhi. Wasichana ishirini, nyumba ya masista, vitanda vya chuma. Mada: kusikiliza kwa makini. Sista ametupanga wawili wawili. Kila alasiri mmoja atazungumza nusu saa, na mwenzake atasikiliza bila kufungua mdomo. Akiulizwa jambo, ajibu kwa kichwa tu. Kisha zamu inageuka. Muda mwingine wote, kimya.

Halafu habari kubwa. Jumapili Sista atamtangaza dada wa bweni, yule ambaye wadogo humpelekea shida zao, na atamchagua kwa jinsi tutakavyosikilizana hapa. Dada yangu alikuwa dada wa bweni. Picha yake iko sebuleni, na Mama ameshapigilia msumari wa pili kando yake. Hajasema ni wa nini. Hana haja.

Nimepangwa na Taratibu. Ni jina la utani. Huanza sentensi leo, ukaipata kesho. Nilihuzunika, kisha nikaona faida: atakayemsikiliza huyu hadi mwisho ataonekana kutoka mbali.

Zamu yangu nilimweleza kwa nini nastahili cheo. Nusu saa haikutosha. Zamu yake niliitikia kwa kichwa kila baada ya pumzi tatu. Mara mia moja arobaini na saba! Sista alipita nyuma yetu mara mbili. Taratibu alizungumzia mdogo wake, au mbuzi. Mmoja wao anaumwa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Balaa. Asubuhi, kwenye beseni la kunawia, Spika alininong'oneza ingawa ni marufuku. (Spika anaitwa hivyo kwa sababu ya sauti. Hata mnong'ono wake ulifika jikoni.) Alisema jana nilikuwa nachezesha kichwa kama mjusi ukutani, na kwamba Sista alikuwa anang'ata midomo asicheke. Wivu tu. Hata hivyo, wakati wote wa ibada nilimwaza mjusi.

Sista alifundisha kwamba wengi wetu husikiliza huku tukitunga ya kwetu. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nimeiandika kwa wino mwekundu. Ingemfaa sana Spika.

Alasiri nilikaa kama jiwe. Taratibu akauliza kama nimelala.

Mbinu mpya: kichwa kulia, kichwa kushoto, polepole, kama watu wazima wanapopewa habari za msiba. Nimefanya mazoezi mbele ya dirisha la stoo.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mbinu imepita matarajio yangu!

Taratibu alimtaja Sista. Akalitaja bweni. Akasema anaogopa kusimama mbele za watu. Hapo nilikuwa natafuta pembe nzuri ya shingo, maana Sista alikuwa anatoka jikoni. Mara Taratibu akanyamaza, akanitazama kama mtu anayengoja kufunguliwa mlango. Nikatikisa kichwa, kulia, kushoto, kwa huruma yote niliyo nayo. Akauliza tena, nadhani lilelile. Nikazidisha huruma. Akashusha pumzi, akainuka, akamfuata Sista.

Bila shaka amekwenda kunisifu. Nimeandika hotuba ya shukrani. Kurasa mbili. Inaanza na Mama.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Dada wa bweni ni Taratibu.

Alinifuata nje, macho mekundu. Akasema Ijumaa jioni Sista alimwambia tumebaki wawili, yeye na mimi. Yeye akaona aniachie, maana ninakitaka cheo naye anakiogopa. Jana ndipo akaniuliza: amwambie Sista kwamba niko tayari?

"Nilikuuliza mara mbili, mwenzangu," alisema. "Ukakataa mara mbili. Tena kwa uchungu! Nikajua mafungo yamekugeuza."

Nilimkimbilia Sista. Akasema neno limeshatoka. Akaniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia: mengi. Spika amenipa hongera ya unyenyekevu, kwa sauti ya kufika barabarani. Mama nitamwambia nini, sijui.

Baadaye, ndani ya basi

Nimetafakari kwa utulivu. Masikio yangu hayana kosa. Kosa ni la shingo. Shingo ina majibu mawili tu, na yote mawili ni ya hatari. Kuanzia leo, mikono.

Nimeshajaribu. Taratibu amekaa kando yangu, na tangu getini hadi kituo cha mafuta alikuwa anaeleza jambo refu, sauti ikimtetemeka. Mwishoni akauliza kitu. Nikaushika mkono wake kwa mikono yangu miwili, nikaubana kwa upole, dakika nzima. Uso wake ukang'aa! Amesema nimemtua mzigo mkubwa, na kwamba wadogo wataanza kuja kitandani kwangu kesho, saa kumi na moja alfajiri.

Sikupata vizuri ni wadogo gani, wala wanakuja kufanya nini. Lakini kwa upande wa mbinu, hii ndiyo yenyewe.