Simbilisi wa Daktari

Jamaldini aliingia jikoni kwa mpima ardhi wa Kijerumani kuomba kaa la moto la kuwashia sigara, akatoka na utajiri. Hivyo ndivyo alivyopenda kusimulia kabla mambo hayajamgeukia. Ukweli ni kwamba alitoka na kasha la mbao lenye wanyama wawili wanene, wenye manyoya ya rangi tatu, kila mmoja akitosha kushikwa kwa viganja viwili.

Ulikuwa mwaka ule reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi. Mpima ardhi alikuwa amemaliza kazi yake Arusha na anafunga mizigo kurudi kwao. Mpishi wake, Naftali, alikaa kwenye ngazi ya jiko akilitazama lile kasha kwa huzuni.

"Bwana kaniambia niwatupe popote," alisema. "Kuwachinja sina moyo, kuwafuga sina nafasi."

"Hao ni panya?" Jamaldini aliuliza.

"Mkia uko wapi?"

"Basi sungura."

"Na masikio je? Bwana ana jina lao refu la Kijerumani. Sisi hapa jikoni tunawaita simbilisi."

"Wanafanya kazi gani?"

Naftali alifikiri. Alikuwa Mkristo wa misheni na hakupenda kusema uongo kabla ya chakula cha mchana. "Wanakula majani. Wakisikia mtu anakuja, wanapiga filimbi. Basi."

Jamaldini alimpa pakiti moja ya sigara akabeba kasha. Mtu mwingine angeona wanyama wawili wasio na faida. Yeye aliona wanyama wawili ambao hakuna mtu kati ya Moshono na Elerai aliyewahi kuwaona, na kitu kisichojulikana na mtu hakina bei, na kitu kisicho na bei unaweza kukipa yoyote uitakayo. Alikuwa mtu wa Pangani, amekaa bara miaka saba, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuiona kanzu yake ikiwa na doa wala mkono wake ukiwa na jembe.

Mwenzake wa kazi alikuwa Omari, mpagazi wa zamani wa misafara. Omari hakujua kusoma, lakini alikuwa na koti la kaki na fremu ya miwani isiyo na vioo, na akivivaa vyote viwili pamoja alitoka karani kamili.

Waliyemchagua ni Mzee Sakaya wa Elerai, Mwarusha mwenye ng'ombe wengi na mkono mgumu, ambaye watu walisema hata moshi wa moto wake anaufungia mlango.

Jamaldini alifika kwake Jumatatu, kasha kichwani, jasho lake likiwa limepangwa vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi, mzee wangu. Naomba msaada. Nimeitwa Kondoa, ndugu yangu mgonjwa, na hawa wanyama wangu siwezi kuwapeleka kwenye jua la kule. Nimeuliza mjini kote ni nani mtu wa kuaminika, nikaambiwa jina moja tu."

Sakaya, ambaye alikuwa hajawahi kuambiwa jambo hilo na mtu yeyote, alikubali kuwatunza siku nne.

Jumatano akapita Omari na koti lake na miwani yake, akaomba maji ya kunywa, na mke wa mzee akayaleta. Alipoona kasha aliliacha bakuli la maji mkononi mwa mwenyeji.

"Mzee, hawa umewapata wapi?"

"Kwa nini?"

"Mimi ni karani wa daktari Mjerumani wa Moshi. Anawatafuta hawa nchi nzima kwa kazi ya dawa. Nimefika mpaka Mbulu, sikupata hata mmoja." Omari alishusha sauti. "Kwa hawa wawili atatoa mitamba watatu. Ni wako?"

Hapo ndipo Sakaya angeweza kuokoka. Ilihitajika aseme neno moja tu, nalo ni "hapana".

"Ni wangu," alisema Sakaya. "Nimewafuga tangu wadogo."

"Basi Jumamosi nakuja na mitamba. Usimwambie mtu."

Ijumaa Jamaldini alirudi kutoka Kondoa, ambako hakuwa amekwenda. Sakaya alimkaribisha kwa maziwa, jambo ambalo mkewe Namelok, aliyeyaleta maziwa yenyewe, alilishangaa sana. Mzee alisema amewazoea wale wanyama. Alisema wamemwondolea upweke. Jamaldini alisema ni kama wanawe. Alitoa machozi mawili, moja kwa kila mnyama. Jua lilipofika katikati wakaafikiana mtamba mmoja, na Jamaldini akaondoka akimswaga mbele yake, akigeuka nyuma mara kwa mara kama mtu aliyeacha watoto.

Jumamosi karani hakuja. Wala Jumapili. Jumatatu jioni Namelok alimkuta mumewe bado amekaa langoni akitazama njia ya Moshi.

"Yule mtamba aliyechukuliwa," alisema Namelok, "ni yule uliyenipa mimi nilipomzaa Resiato."

"Nilikuwa nakuletea watatu."

Namelok hakusema neno. Alilichukua kasha akaingia nalo ndani, na mzee akajua kwamba kimya kile kitakaa nyumbani kwake muda mrefu.

Mwanzoni Namelok aliwachukia. Aliwapa maziwa, wakayakataa. Aliwapa ugali, wakaukanyaga. Siku ya tatu alipita karibu na kasha akiwa na majani ya viazi ya kupika, na wale wawili wakapiga filimbi kali hata akaangusha kikapu. Walikula majani yote, na usiku ule familia haikula mboga. Akajifunza. Hawataki baridi, kwa hiyo aliwajengea kibanda cha fito karibu na mafiga. Mbwa anawatamani, na kipanga pia. Siafu wakipita ni lazima uinue kibanda. Wakifurahi wanaruka juu ghafla, miguu yote minne hewani, bila sababu yoyote inayojulikana. Mara ya kwanza alipoona hivyo Namelok alicheka peke yake, akanyamaza haraka, maana bado alikuwa amemnunia mumewe.

Mwezi wa pili jike akazaa watatu. Walizaliwa macho wazi na manyoya kamili, na kesho yake walikuwa wanatafuna majani kama wazee. Masika yakaja yakaisha, baridi ya kipupwe ikapita, na kibandani wakawa kumi na mmoja. Majirani wakampa Sakaya jina la Baba Simbilisi. Akaacha kwenda kwenye pombe za wazee.

Asubuhi moja ya siku ya soko Namelok alikuwa amekaa chini ya boma la Wajerumani na ndizi zake, na kando yake kikapu chenye simbilisi mmoja aliyekuwa na jeraha la mguu, ambaye Namelok hakutaka kumwacha peke yake nyumbani. Akamwona mtu mwenye kanzu nyeupe akija na punda aliyebeba marobota mawili ya kitambaa cha marekani. Alimtambua mara moja. Jamaldini hakumtambua. Watu wa kazi yake humtazama mwenye ng'ombe. Anayeleta maziwa hawamwoni.

Filimbi ikalia kikapuni. Jamaldini akasimama.

"Mama, una nini humo?"

"Mnyama. Hauzwi."

"Sikusema nanunua. Kwa nini hauzwi?"

Namelok alipanga ndizi zake upya, moja moja. "Nimekwisha kuahidi. Kuna karani wa daktari wa Moshi, anakuja Alhamisi kuchukua wote. Ninao kumi na mmoja."

"Karani yupi?"

"Jina silijui. Ana koti la kaki. Miwani yake haina vioo, lakini anaona vizuri tu."

Jamaldini alimjua karani huyo. Tangu mwezi uliopita yeye na Omari walikuwa wameachana. Omari alisema amechoka na maisha ya kukimbia, akaenda kumpikia mlowezi mmoja huko Usa, njia ya Moshi. Jamaldini alimwamini, jambo ambalo sasa aliliona kuwa kosa la kitoto. Kumbe daktari yupo kweli. Kumbe ule uongo wao wa Elerai ulikuwa ukweli tangu mwanzo, na Omari kaugundua, na anaula peke yake.

"Anakupa nini?" aliuliza kwa upole.

"Mitamba. Lakini sijawaona, na Alhamisi iko mbali." Namelok alimtazama punda. "Wewe ungekuwa na kitu cha kutoa leo, labda."

Nataka msomaji ajue kwamba Jamaldini alijitetea. Alitoa robota moja. Namelok akaanza kufungasha ndizi zake aende nyumbani. Alitoa marobota mawili. Namelok akasema kumi na mmoja ni wengi, mtu hawezi kuwabeba bila kasha, na kasha zuri la Kijerumani analo, na punda yule ni wa umri gani. Kijana wa jirani akatumwa nyumbani kuwaleta waliobaki ndani ya kasha, na adhuhuri haijafika Jamaldini alikuwa amesimama barabarani na kasha kichwani, kikapu mkononi, bila punda.

Sakaya alimwona mkewe akiingia langoni na punda na marekani. Aliuliza vimetoka wapi.

"Daktari kalipa," alisema Namelok. Yalikuwa maneno yake ya kwanza ya utani kwa mumewe tangu siku ile ya mtamba, na mzee alipoelewa alicheka mpaka akakaa chini.

Njia ya Usa inapita mito mingi inayoshuka kutoka Meru, na katika kila mto Jamaldini alilazimika kutua kasha na kukata majani, maana wakikosa kula walipiga filimbi wote kumi na mmoja, na watu walitoka mashambani kutazama. Alifika kesho yake akiwa na matope mpaka kiunoni. Omari alikuwa nyuma ya jiko la mlowezi, anamenya viazi.

"Daktari wako yuko wapi?" Jamaldini alisema.

"Daktari gani?"

"Usinifiche. Wa simbilisi."

Omari aliweka kisu chini. Alilitazama kasha, akaitazama kanzu. Hakuwa na kasi ya akili, lakini alipofika alifika kabisa, na kicheko chake kilimtoa mlowezi barazani.

Jamaldini alikaa juu ya gogo. Hakujitetea. Baada ya muda alipita mzee wa Kimeru, Aminieli, anayeleta kuni, akainama kwenye kasha.

"Hawa wanafanya nini?"

"Hakuna," alisema Jamaldini kwa uchovu. "Wanakula majani, wanapiga filimbi, wanazaa."

Aminieli alimtazama kwa mashaka. Alizunguka kasha mara mbili. "Mtu hawezi kutembea na matope yote hayo kwa ajili ya mnyama asiyefanya kitu. Unaficha jambo. Nitakupa mbuzi kwa wawili."

Omari alisubiri. Alikuwa ameiona saa kama hii mara nyingi, na alijua neno litakalofuata, na machozi, moja kwa kila mnyama.

Yule simbilisi wa mguu mbovu alikuwa ametoka kikapuni. Alichechemea mpaka kwenye ukingo wa kanzu chafu, akajipenyeza chini yake, akatulia.

"Hawauzwi," alisema Jamaldini.

"Mbuzi wawili," alisema Aminieli.

Omari alikuwa amemjua Jamaldini miaka sita, na bado hakuweza kusema kama ule ulikuwa ujanja mpya au la. Alimtazama usoni, hakuona kitu. Jamaldini alikuwa amemwomba Aminieli mundu wake, anakwenda kukata majani.