Daftari la Mimba ya Bibie

Jamani, leo nimeadhirika. Mchana kweupe, mbele ya foleni nzima ya kina mama waliokuja kukoboa mpunga. Kaeni vizuri niwasimulie kabla hamjasikia kwa wengine, maana huko wameshaongeza chumvi.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, mtu wa Dodoma. Huku Dimani nimepanga chumba kwa bibi mmoja mshonaji, Bi Mwanaidi. Miezi minane iliyopita alichukua punda wawili majike kwa mfugaji aliyekuwa anahama na ng'ombe wake. Magoti ya bibi yamechoka, alitaka wa kumbebea maji na mpunga. Mfugaji akamwambia, "Mmoja wao ana mimba," akaenda zake. Yupi? Hakusema, na wala hatukumuuliza.

Bi Mwanaidi kazaliwa Maparoni, huko visiwani. Mitumbwi anaijua, punda hawajui. Akanigeukia.

"Mwalimu, wewe mtu wa bara. Hebu nitazamie, mja mzito nani hapa?"

Nikawazunguka mara mbili, mikono nyuma. (Babu yangu alifuga punda, kweli. Mimi nilipelekwa bweni nikiwa mdogo. Hilo sikulitaja.) Mmoja tumbo pana, mwingine mwembamba. Nikamgusa mwenye tumbo.

"Huyu hapa, bibi."

"Una hakika? Tusimwite bwana mifugo?"

"Bibi! Nasomesha uzazi mimi!"

Basi. Mwenye tumbo akaitwa Bibie, akafungwa kitambaa cheusi shingoni, husuda isimpate. Mwembamba akaitwa Tabu, akafungwa mkokoteni.

Niseme ukweli, kazi ile niliipenda. Nilikuwa na hamu ya kujua kila kitu. Kwa nini mimba ya punda inachukua mwaka mzima na zaidi? Kitoto kinakaaje mle, miguu yote ile mirefu? Nikanunua daftari. Kila Jumapili nilimpima Bibie tumbo kwa futi ya kushonea ya Bi Mwanaidi. Linaongezeka! Nikaandika. Kila siku alipata majani mabichi na debe la pumba za mpunga. Asubuhi kabla ya kengele ya shule nilimtembeza nusu saa, polepole, kwa mazoezi, na wanafunzi wangu wananiamkia wakiwa wameziba midomo kwa madaftari. Jioni namwekea sikio ubavuni. Mle ndani mnanguruma! "Kinacheza," nikamwambia Bi Mwanaidi, naye akaja kusikiliza, machozi yakamlengalenga. Mwanapunda huyo alishamwahidi mjukuu wake aliyeko Kiongoroni. Kila akipiga simu mtoto anauliza, "Bibi, punda wangu kazaliwa?"

Kiwele cha Bibie hakikujaa. Nikaandika: uzao wa kwanza, huchelewa.

Wiki iliyopita Bi Mwanaidi akanambia, "Mwalimu, mbona huyu Tabu naye kama kajaa huku chini?"

"Upepo huo, bibi. Anakula haraka." (Kumwinamia nikatazama kungenichukua dakika moja. Dakika moja tu!)

Leo Jumamosi, tukawa na viroba viwili vya mpunga wa kukoboa. Bibie abaki, ana mimba. Nikamfunga Tabu peke yake, tukashika njia ya mchanga. Mwendo wake ulikuwa wa kusuasua. Anasimama, anageuka kutazama ubavu wake, ananitazama mimi. Nikamwambia, "Wivu huo. Mwenzio mja mzito, wewe huna hata haya?"

Naomba mnisamehe. Tabu ameshanisamehe, nadhani.

Mashineni foleni ndefu. Nikamfungua Tabu apumzike, nikakaa juu ya kiroba. Kina mama wakaanza, "Mwalimu, mkeo hajambo?" Mke wanamaanisha Bibie. Mimi nikafurahi kuulizwa! Nikatoa daftari.

"Yuko karibu," nikasema. "Dalili zake ni hizi, sikilizeni. Kwanza, atahangaika, hatulii mahali pamoja."

Mama Zuhura, jirani yetu, alikuwa amekaa kwenye ndoo yake. Akamnyooshea Tabu kidole. "Kama huyo?"

"Huyo inzi wanamsumbua. Pili, atatoka jasho shingoni na kwenye mapaja."

"Kama huyo?"

"Mama Zuhura, huyo kavuta mkokoteni! Tatu, atalala, atainuka, atalala tena."

Tabu akalala. Akainuka. Akalala tena.

"Kama huyo, mwalimu?"

"Huyo ni mvivu," nikasema. Na nikafungua ukurasa wa pili. "Nne, chupa itapasuka, maji yatamwagika…"

Maji yakamwagika! Yakafika kwenye kiatu changu.

Hakuna aliyecheka kwanza. Mwendesha mashine akazima injini. Mimi nimesimama na daftari mkononi, shahada yangu iko Dodoma kwenye kabati la mama. Ikatoka kwato moja, kisha ya pili, kisha pua. Tabu akasukuma, na kitoto kizima kikateleza mchangani, kimefungwa kwenye utando mweupe wa uzazi, hakitikisiki.

"Mpasulie usoni! Mwalimu! Hapumui huyo!" akapiga kelele Mama Zuhura.

Nilijua. Kwenye daftari nimeandika mwenyewe, kwa wino mwekundu: pasua haraka. Mikono ikakataa. Nilimfikiria yule mtoto wa Kiongoroni, na njia yote ya mchanga niliyomkokotesha Tabu nikimtukana, nikaona nimeua. Mama Zuhura akanisukuma kando, akaupasua utando kwa vidole, akamfuta pua kwa upindo wa kanga, akamsugua kifua kwa nguvu kama anafua.

Bado hakitikisiki.

Halafu kitoto kikapiga chafya!

Kina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikalia. Ndiyo, nimelia, andikeni popote mtakapo. Tabu akainuka akaanza kumlamba mwanawe, wala hakunitazama.

Nikampigia simu Bi Mwanaidi, na kina mama wote wamesogea wasikie.

"Bibi, punda kazaa. Jike, mzima."

"Alhamdulillahi! Kazaa saa ngapi?"

"Sasa hivi, huku mashineni."

"Mashineni? Mwalimu, mbona Bibie namwona hapa anatafuna pumba?"

"Siyo Bibie, bibi."

"Nani basi?"

"Tabu."

"Na huyu wa kwangu ana nini tumboni?"

"Pumba," nikasema.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mama Zuhura alianguka kutoka kwenye ndoo yake.

Haikuishia hapo. Viroba vimeshakobolewa, lazima vifike nyumbani. Tabu kazaa, hafungwi mkokoteni. Mwanapunda miguu inamtetemeka, kurudi kwa miguu hawezi. Tuliwasubiri mpaka kitoto kikasimama na kunyonya, kisha kina mama wakanitazama wote kwa pamoja.

Nikavua saa. Nikaingia katikati ya miti miwili ya mkokoteni.

Basi nimepita Dimani yote nikivuta mkokoteni, mchele nyuma yangu, juu ya mchele mwanapunda amekaa kwenye kanga kama bibi harusi, na Tabu anatembea pembeni bila mzigo, mara ya kwanza tangu nimjue. Wanafunzi wangu walitoka uwanja wa mpira wakajipanga mistari pande mbili za barabara. "Shikamoo, mwalimu!" Nimeitikia zote, na pumzi sina.

Bi Mwanaidi alitusubiri mlangoni na bakuli la uji wa pilipili manga, ule wanaopewa wazazi waliotoka kujifungua. Nikanyoosha mkono. Akanipita, akampelekea Tabu. Kitambaa cheusi akakitoa shingoni kwa Bibie akamfunga mwenyewe aliyestahili. Kisha akampigia mjukuu wake simu, na nikasikia kelele za furaha za huko Kiongoroni hadi chumbani kwangu.

Bibie kuanzia kesho anavuta maji. Mimi mabega yamevimba, nimepaka mafuta ya nazi. Mnaotaka kucheka, chekeni leo na kesho mmalize, maana Jumatatu saa mbili nina kipindi na kidato cha tatu, na mada, Mungu wangu, ni uzazi.