Kadi Isiyokata na Goti la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa heshima. Sikulala.

Mama mkwe anakwenda nje ya nchi kutengenezwa goti la kulia. Miezi minane sasa anatembea kwa kushika kuta. Hospitali ya huko imempa nafasi: Jumatatu ijayo fedha zote ziwe zimelipwa kabla dirisha la malipo halijafungwa, Jumanne apasuliwe. Tukichelewa, kitanda anapewa mwingine na yeye anasubiri miezi minne. Daktari wa hapa kasema goti hilo halina miezi minne.

Jana familia ilikaa sebuleni. Nani amsindikize? Nani ashike kadi ya benki? Shemeji, kaka wa mke wangu, dereva wa gari la mikate, alikuwa ameshajiweka sawa kitini ili aombwe. Nikamwahi. Nikasema mimi nafanya kazi duka la nakala, shughuli zangu ni makaratasi tangu asubuhi hadi jioni. Mama mkwe akanitazama. Alikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na sita. Mpaka leo akinitazama najikagua kama nimechomekea shati.

Wamekubali. Tena wametenga fungu dogo la makato, kwa kuwa benki hukata asilimia fulani kila ukilipa kwa fedha za kigeni. Fungu hilo limeninyima raha. Nikipata kadi isiyokata, linabaki kwa nani? Kwa aliyetumia akili!

Jumatano, 5 Machi

Benki tatu katika mapumziko ya mchana. Roho juu muda wote, maana bosi hutuhesabia dakika.

Ya kwanza: asilimia tatu na nusu kila ukiitumia kadi nje. Nikaaga. Ya pili hukata moja tu, ila kuna ada ya mwaka, ada ya kuchukua kadi, na ada nyingine ambayo dada wa dirishani mwenyewe alishindwa kuieleza, akaishia kucheka. Ya tatu ina kadi ya kujaza kwanza. Unaweka fedha zako, unasafiri, makato ya nje sifuri. Sifuri! Nikamwomba aseme tena. Akasema tena.

Mtu anayekupa sifuri anaogopesha. Nikachukua karatasi ya masharti, maandishi madogo kama chembe za sukari, nikaikuza kwenye mashine ya dukani. Ukurasa mmoja ukawa kurasa thelathini na mbili. Nimezitandaza nyuma ya kaunta nikawa natambaa nazisoma. Nilikuwa kwenye ya kumi na moja bosi akaingia. Karatasi zote anazikata kwenye mshahara wangu. Potelea mbali. Sifuri ipo kweli, ukurasa wa saba, kubwa kama kiatu.

Ijumaa, 7 Machi

Kadi ninayo. Fedha za hospitali zote zimo, hazizidi, hazipungui. Fungu la makato halimo. Limekuwa sanduku la safari la magurudumu manne, ukiligusa tu linakwenda lenyewe. Nimemwambia mke wangu limeshushwa bei. Hakuuliza limeshushwa kutoka wapi. Huwa naogopa zaidi akinyamaza.

Namba ya siri niliiandika kwenye karatasi, karatasi nikaitia ndani ya soksi. Baadaye nikawaza, je, wezi wa viatu? Nikaichana, nusu nikaitafuna. Sasa naikumbuka, lakini naikumbuka namna mbili.

Shemeji kaja kuniaga. Kanishika bega kama mzee wa miaka tisini, kanionya kwamba mashine za huko zitaniuliza nalipa kwa fedha za kwetu au za kwao. Nichague za kwao. Kaambiwa na nani? Na mteja mmoja anayempelekea mikate! Nimecheka. Mwenye akili zake aache fedha anayoijua achague asiyoijua? Huyu anataka niharibikiwe ili kikao kijacho wamwite yeye. Nitafanya kinyume.

Jumapili, 9 Machi

Ndege. Sitaki kuizungumzia. Mama mkwe alilala usingizi wa mtoto. Mimi niliishikilia isianguke, mikono miwili, safari nzima, nikiachia mmoja tu kupapasa kadi mfukoni. Jirani akaniuliza kama moyo unaniuma.

Nyumba ya wageni ina ngazi sita. Mama kazipanda kwa robo saa nzima. Kwenye ya nne alinishika mkono, akaniegemea kwa uzito wake wote. Pale nikaogopa kitu kingine kabisa, si wezi wala ndege.

Jumatatu, 10 Machi, mchana

Naandikia chooni, hospitalini. Nimekwisha.

Hapa wanalipisha mara mbili. Dirisha la kwanza ni kitanda na upasuaji. Dirisha la pili ni goti lenyewe, yaani chuma chake. Saa tatu asubuhi nilikuwa dirisha la kwanza, nimechomekea. Mashine ikauliza, neno kwa neno kama alivyosema Shemeji. Nikabonyeza fedha za kwetu, kwa nguvu, ili aisikie huko aliko. Namba ya siri ikakubali kwa namna ya kwanza. Nikatamba.

Dirisha la pili, kadi ikakataliwa. Salio halitoshi. Nikajaribu tena. Halitoshi. Mara ya tatu keshia akaniomba kwa heshima niwapishe wengine.

Nikaitazama risiti. Makato ya benki: sifuri, kama walivyoahidi. Lakini mashine ilipobadilisha fedha ilijiwekea kiwango chake, na kiwango hicho kimekula sehemu ya chuma cha goti. Fungu la makato lingetosha kabisa kuziba. Fungu la makato lina magurudumu manne.

Mama yuko kwenye benchi. Amekwisha kuvaa gauni la hospitali. Amevua na pete, kanipa nimshikie. Nimemwambia mashine ya dirisha la pili imepumzika kidogo.

Siku hiyohiyo, jioni

Nilikimbia nyumba ya wageni kuuza sanduku. Mlinzi akalisukuma mpaka mwisho wa ukumbi akalirudisha, mara tatu. Akasifu magurudumu. Akanirudishia.

Saa tisa. Dirisha hufungwa saa kumi. Nimezunguka jengo la hospitali nikipanga uongo wa kumwambia Mama, na kila uongo niliopata ulimalizika kwa yeye kurudi nyumbani akishika kuta. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maradhi si yangu. Saa tisa na nusu nikapiga magoti mbele ya benchi nikasema yote.

Hakufoka. Aliomba risiti. Akavaa miwani akaisoma mpaka chini kabisa, jambo ambalo mimi sikulifanya. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho: mteja amechagua mwenyewe kulipa kwa fedha za nyumbani kwa kiwango cha mashine. Akauliza huyo mteja ni nani.

Nikanyoosha kidole juu.

Akasimama. Ukuta mkono huu, mimi mkono ule, mpaka dirisha la kwanza. Akamuuliza keshia kama malipo yanaweza kufutwa yakafanywa upya kwa fedha za kwao. Keshia akasema hesabu za leo hazijafungwa, kwa hiyo inawezekana, kesho isingewezekana. Ilikuwa imebaki dakika kumi na moja! Wakafuta. Mama akabonyeza mwenyewe. Dirisha la pili, kadi ikakubali. Salio likabaki la chai ya mtu mmoja. Kanywa yeye.

Ndipo akauliza lilipo fungu la makato. Nikamwambia. Akasema hivi tu: "Kesho nikizinduka, baba, mimi na wewe tutazungumza."

Naogopa asipozinduka. Naogopa akizinduka.

Jumanne, 11 Machi

Nimekaa saa nne nzima nje ya mlango wa chumba cha upasuaji. Nimeng'ata kucha zote, nimebaki na za miguu. Kila muuguzi aliyetoka nilimsimamia wima.

Kazinduka. Cha kwanza kaniuliza kama nimekula. Nikalia pale pale, kwa sauti, muuguzi akanipa pamba. Cha pili kaniuliza sanduku liko wapi. Kuanzia leo ni lake. Mimi nguo zangu zitarudi nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki, na mke wangu ameshapigiwa simu.

Alhamisi, 13 Machi

Mama kapiga hatua tisa. Hakugusa ukuta! Nilihesabu kwa sauti, wodi nzima ikanisikia.

Shemeji kapiga simu kuuliza kama mashine iliuliza. Nimemwambia simsikii vizuri.

Nimekaa nimetafakari. Kosa halikuwa langu. Mimi kadi nilichagua vizuri, sifuri ni sifuri. Kosa ni kwamba kadi yenyewe haina pointi. Mume wa mgonjwa wa kitanda cha pili anayo ya pointi. Inakata kidogo, ndiyo, lakini kila akilipa nje anahesabiwa pointi, zikitimia anakaa mbele kwenye ndege, kiti kinalala kama kitanda. Mtu hawezi kuogopa akiwa amelala.

Nimepiga hesabu nyuma ya karatasi ya dawa. Goti moja linatoa robo ya kiti. Daktari kasema goti la kushoto nalo huenda likahitaji mwakani. Hiyo ni nusu.

Mchana huu, Mama akiwa anamenya chungwa, nimemuuliza kwa upole sana kama mabega hayamsumbui.