Kengele ya Osea

Jumapili ile ya mwaka hamsini na mbili ibada ilikuwa imekwisha, na benchi la fundi Jairo, kando ya barabara kuu itokayo Tunduma, lilikuwa limejaa. Kujaa kwenyewe ni watu watatu, maana Hezron peke yake anakalia nafasi ya wawili. Mara akatokea Amoni Gazeti, kofia mkononi, jasho shingoni. Hatukumwita Gazeti kwa kuwa anajua kusoma. Hajui hata a.

"Mmesikia? Ile baiskeli ya shamba la kahawa imepata mwenyewe."

Hezron akajiweka sawa. "Leta habari, siku mbili hizi sikwenda kazini. Mke wangu nimeshamwambia asafishe pembe ya kuiweka."

"Kapewa Osea."

Fundi Jairo akaacha kukanyaga cherehani. "Osea yupi?"

"Osea wetu. Osea wa kuchelewa."

"Acha utani wewe," Hezron akasema. "Nyumba ya Osea si inaonekana kutoka ghalani? Mkewe akipika maharage, sisi kazini tunajua kama ametia chumvi."

Mambo yalikuwa hivi. Mzungu wa shamba alichoka na wachelewaji. Akamtuma karani, mtu wa Tanga mwenye saa ya mkononi, atembee na kila kibarua kutoka mlangoni kwake mpaka kazini. Atakayetumia muda mrefu kuliko wote, apewe baiskeli.

"Mimi natoka ng'ambo ya mto," Hezron akasema, mkono kifuani. "Navuka juu ya gogo. Napanda kilima ambacho hata mbuzi hukipanda akipumzika. Mimi waliniandikia ngapi?"

"Saa moja na dakika arobaini," Amoni akasema.

"Na Osea?"

"Saa mbili na dakika kumi."

"Wizi huo."

"Subiri kwanza, kaka," nikamwambia. "Siku ile karani amekufuata, ulitembeaje?"

"Nilitembea kiume."

"Kiume ndiyo vipi?"

"Nilichanganya miguu kidogo. Yule mtu wa pwani, nilitaka aone kuwa sisi tuliofanya kazi machimbo ya dhahabu ya Saza hatuogopi vilima."

"Ulikimbia."

"Sikukimbia. Nilitembea kwa jasho."

"Karani anasema alikukuta juu ya kilima umekaa, unapiga mluzi," Amoni akasema. "Anasema ulimuuliza kama abebwe."

Fundi akaangua kicheko mpaka sindano ikamdondoka mdomoni. Hapo hapo Osea akatokea. Hakuwa ameipanda baiskeli. Alikuwa ameibeba begani kama mbuzi mgonjwa, majani kichwani, tope magotini. Akaiegemeza ukutani, akakaa chini.

"Hongera, bwana mwenye baiskeli," Fundi akamwambia.

"Msinipe hongera. Kazi inanitoka."

"Kwa baiskeli?"

"Mmesahau nakaa wapi? Kati ya kwangu na shamba, pale barabarani, yupo mama mkwe."

Kwetu mwanaume hakutani uso kwa uso na mama wa mkewe, wala hapiti mbele yake. Ukisikia tu kikohozi chake, unaingia porini. Mchungaji kakataza mambo hayo mara nyingi, na mchungaji mwenyewe Fundi alimwona akichepukia migombani, mkwewe akipita. Sasa mama Tulinagwe, mkwe wa Osea, nyumba yake iko kulia kwa barabara na shamba lake la ulezi kushoto. Kutwa anavuka. Kwa hiyo Osea huzunguka nyuma ya kilima, huvuka kijito mara mbili, hutokea makaburini.

"Karani alipoteza soli ya kiatu," Osea akasema. "Akaniuliza, hii ndiyo njia yako ya kila siku? Nikamwambia ndiyo. Nimesema uongo?"

"Hata kidogo," nikasema.

"Baiskeli haipandiki kule, na Mzungu ameagiza nije nayo kila siku. Jana nimeibeba njia nzima, nimetumia saa tatu. Ilikuwa mara ya pili kuchelewa mwezi huu. Nyapara amesema ya tatu nisirudi kabisa, na mke wangu Tabita ana mimba ya miezi saba."

"Basi nipe mimi," Hezron akasema. "Mimi nilioa kwa akili. Mkwe wangu yuko ng'ambo ya mpaka, Rodeshia. Akitaka kunichelewesha kazini, apande lori."

Fundi Jairo alikuwa ameinama, anaichunguza baiskeli kama kitambaa kipya. Akabonyeza kengele. *Kring.*

"Na hii umepewa ya nini?" akauliza. "Ukikaribia kwa mama, piga hii. Akisikia, anaingia ndani. Unapita, heshima imebaki. Tabita akamweleze mama yake leo leo."

Osea akaitazama ile kengele kama mtu aliyeonyeshwa mlango ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Wiki ile Osea alifika kazini kwa dakika ishirini. Jumatano alimkuta nyapara bado anapiga mswaki. Jumapili iliyofuata tukamkalisha katikati ya benchi, na Hezron, kwa shingo upande, akamsogezea kibuyu cha togwa.

Hajanywa, Tabita akatokea, mkono kiunoni, tumbo mbele.

"Hamjambo, shemeji zangu. Nimetumwa na mama."

Osea akasimama wima, kana kwamba mama mwenyewe kafika.

"Mama anasema kengele ameisikia. Jumatatu ililia, akaingia ndani. Akatoka, ikalia tena, akaingia. Kumbe ni mwalimu wa dini. Jumanne ni tarishi wa boma, kwenda na kurudi. Alhamisi wakapita wauza chumvi wa Tunduma, baiskeli nne, kila mmoja na kengele yake. Anasema wiki nzima amefungiwa ndani kama mwali, na ulezi umemezwa na magugu."

"Si angechungulia aone ni nani?" Amoni akauliza.

"Achungulie, halafu akute ni mkwe?"

Amoni akaivaa kofia yake.

"Kwa hiyo anasema," Tabita akaendelea, anamtazama mumewe kwa huruma kidogo na kicheko kingi, "mwenye kengele ndiye apalilie. Kila asubuhi kabla ya kazi. Yeye atakaa ndani mpaka asikie kengele ya kuondoka."

"Shamba lile lataka muda gani kwa siku?" Fundi akauliza.

Osea akakuna kichwa. "Saa mbili. Nikijituma sana, saa mbili kasoro dakika kumi."

Amoni, asiyejua a, akahesabu kwa vidole, akarudia, akatutazama mmoja mmoja.

"Ongeza dakika ishirini za barabarani."

Hezron ndiye aliyewahi kulifikia jibu. "Saa mbili na dakika kumi," akasema taratibu. "Karani wa watu hakukosea."

Barabarani mtu tusiyemjua akapita na baiskeli, anaelekea kule kwa mama Tulinagwe, kidole kengeleni, anajipigia tu kwa raha zake.

Tabita akafumba macho. "Mungu wangu. Na leo mama kaanika unga nje, kuku wanamsubiri tu aingie ndani."